Namna ya Kujenga Mshikamano wa Ndani wa Zege ili Libebe Mzigo Ipasavyo

Katika maeneo mengi ya ujenzi, nguvu ya zege hupimwa kwa swali moja tu: imetumika mifuko mingapi ya saruji? Swali hilo lina maana yake, lakini halitoshi, kwa sababu mfuko wa ziada hausaidii ikiwa uji wa saruji haukuyashika mawe. Zege gumu lina sehemu tatu zenye tabia tofauti: kokoto, ambayo kwa kawaida ni jiwe imara kuliko zege lenyewe, uji wa saruji ulioganda pamoja na mchanga, unaojaza nafasi kati ya kokoto, na ukanda mwembamba wa makutano, pale uji unapougusa uso wa jiwe. Zege la kawaida huanza kushindwa kwenye ukanda huo wa tatu, na karibu kila kazi ifanywayo na fundi na msaidizi wake, kuanzia kupokea mchanga hadi kumwagilia maji, ama huuimarisha ama huudhoofisha. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuuimarisha, na jinsi ya kutambua ulivyo baada ya zege kuvunjwa.

Kinachotokea ndani ya zege

Saruji inapokutana na maji, madini yake makuu mawili yenye kalsiamu na silika huanza kubadilika na kutoa mazao mawili. La kwanza ni kalsiamu silikati haidreti, yenye chembe ndogo mno ambazo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushika nyuso za mawe. Hiyo ndiyo gundi halisi ya zege, na katika uji uliokomaa huchukua takribani asilimia 50 hadi 60 ya ujazo wa vitu vigumu. Zao la pili ni haidroksidi ya kalsiamu, ambayo huota kama fuwele kubwa bapa, huchukua asilimia 20 hadi 25, na mchango wake katika kushikanisha ni mdogo.

Karibu na uso wa jiwe mpangilio huharibika. Chembe za saruji haziwezi kusongamana dhidi ya ukuta wa jiwe kama zinavyosongamana katikati ya uji, hivyo nafasi zinazobaki hujaa maji. Aidha, maji yanayopanda juu wakati zege likitulia hunaswa chini ya kila kokoto na kukaa hapo. Matokeo yake ni ukanda wenye unene wa maikromita 20 hadi 50, mwembamba kuliko unywele, ambao una matundu mengi zaidi, una fuwele bapa nyingi zaidi, na una gundi kidogo kuliko sehemu nyingine yoyote. Unene huo usimdanganye mtu. Katika zege lililosheheni kokoto na punje za mchanga, kanda hizo huzunguka kila punje na hukaribiana sana, kiasi kwamba ufa ulioanza kwenye ukanda mmoja haulazimiki kwenda mbali kuufikia mwingine.

Athari yake katika ubebaji wa mzigo huonekana wazi maabara. Ukiligandamiza jiwe peke yake, mfinyo wake huongezeka sambamba na mzigo karibu hadi linapovunjika, na uji wa saruji ulioganda ukipimwa peke yake una tabia inayokaribia hiyo. Lakini vitu hivyo viwili vikiunganishwa kuwa zege, mchoro wa mzigo na mfinyo hupinda: kadiri mzigo unavyopanda, zege hufinyika zaidi ya ilivyotarajiwa. Upindaji huo unatokana na ukanda wa makutano. Hata kabla ya mzigo wowote kuwekwa, tayari kuna nyufa ndogo kati ya kokoto na uji, zilizosababishwa na uji kusinyaa ilhali jiwe halisinyai. Hadi takribani asilimia 30 ya mzigo wa mwisho, nyufa hizo hutulia. Kutoka hapo hadi kama asilimia 50, huanza kurefuka polepole kuzunguka mawe. Mzigo ukikaribia asilimia 75, nyufa hutoka kwenye nyuso za mawe, huingia katika uji na kuungana, na zege likiachwa chini ya mzigo huo kwa muda mrefu linaweza kuvunjika bila mzigo kuongezwa.

Kutokana na hali hiyo tunaelewa pia kwa nini zege huhimili mvuto, yaani nguvu ya kulivuta pande mbili, kidogo mno, takribani sehemu moja ya kumi tu ya mgandamizo ambao linaweza kuubeba. Mgandamizo huweza kufunga baadhi ya nyufa na kuyasukuma mawe yakaegemeana. Mvuto huzifungua moja kwa moja, na kinachobaki kuzuia ni ile gundi ya kwenye makutano. Ndiyo maana mshikamano duni hujionyesha mapema zaidi katika boriti, lenta na sakafu, ambako zege hupinda, kuliko katika nguzo fupi inayogandamizwa tu.

Kuchagua na kuandaa kokoto na mchanga

Anza kwa kuangalia uso wa kokoto. Kokoto iliyopondwa, yenye pembe na uso wa kukwaruza, huupa uji mahali pa kung'ang'ania, na faida yake huonekana zaidi katika nguvu ya kuhimili kupinda. Changarawe ya mtoni yenye uso laini hutoa zege linalotiririka vizuri kwa maji machache, na hilo ni jambo jema, lakini hushikwa kwa udhaifu zaidi. Panapokuwa na hiari, kwa boriti na slabu napendelea kokoto iliyopondwa.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Kokoto zinazotoka kwenye mashine ya kuponda mara nyingi hufika zikiwa zimefunikwa na unga wa jiwe, na zilizomwagwa juu ya udongo hubeba tope. Chukua kokoto chache, zilowanishe kiganjani, kisha uzisugue kwa kidole gumba. Ukiona kiganja kimepakwa tope zito, basi saruji yako itashika tope hilo badala ya kushika jiwe. Zioshe siku moja kabla ya kumwaga zege na uziache maji yachuruzike. Usiziache zikauke kabisa, hasa kama ni za jiwe lenye vinyweleo, mfano wa jiwe la matumbawe la pwani au mawe ya volkano, kwa sababu zitafyonza maji ya uji ulio karibu nazo kabla saruji haijayatumia. Hali inayofaa ni jiwe lililoshiba maji ndani huku uso wake ukiwa hauna maji yanayong'aa.

Kwa mchanga, tumia chupa ya kioo yenye pande zilizonyooka. Weka maji yenye chumvi kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa lita, hadi theluthi moja ya chupa, ongeza mchanga hadi ufike theluthi mbili, jaza maji mengine ya chumvi, tikisa kwa nguvu, kisha acha chupa itulie kwa saa tatu. Tabaka laini litakalokaa juu ya mchanga ni tope. Kikomo kinachotumika sana ni asilimia 8 ya kimo cha mchanga; ukizidi hapo, uoshe au utafute mwingine. Mchanga wa baharini usiooshwa uepukwe kabisa palipo na nondo, kwa kuwa chumvi yake hutia kutu chuma, na kutu inapovimba huupasua mshikamano kutoka ndani.

Ukubwa wa kokoto nao una neno. Jiwe kubwa hunasa maji mengi zaidi chini yake na hukusanya mkazo mkubwa zaidi kwenye mpaka wake. Kwa nguzo, boriti na slabu za majengo ya kawaida, kokoto zisizozidi milimita 20, yaani zile zinazojulikana kwa mafundi kama robo tatu inchi, hutosha.

Kupima maji

Mwaka 1918, mhandisi Duff Abrams, aliyefanya majaribio yake katika Lewis Institute mjini Chicago, alionyesha kwamba kwa zege lililoshindiliwa vizuri, nguvu hutegemea zaidi uwiano wa maji kwa saruji. Kanuni hiyo bado ndiyo msingi wa kazi yetu, na sababu yake ni rahisi kueleza. Kilo 100 za saruji huhitaji takribani kilo 23 za maji ili kukamilisha mabadiliko ya kikemikali, na nyingine kama 19 hubaki zimenaswa ndani ya gundi yenyewe. Kwa mfuko wa kilo 50, jumla hiyo ni lita 21. Maji yanayozidi hapo hutumika tu kulifanya zege limwagike kwa urahisi. Baadaye huondoka na kuacha matundu, na mengi ya matundu hayo huwa kwenye makutano na mawe.

Kwa kazi za nguzo na slabu, lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, yaani uwiano wa 0.5, ni lengo zuri: ndoo moja ya lita 20 na robo ya ndoo ya pili. Msaidizi wa fundi akiongeza nusu ndoo tu ili koleo lipite kwa wepesi, uwiano unafika 0.7, na kwa kawaida nguvu hupungua kwa zaidi ya theluthi.

Kuna maji mengine ambayo wengi huyasahau, nayo ni yale yaliyomo tayari kwenye mchanga. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takribani lita 35, kwa hiyo katika mchanganyiko wa 1:2:4 unakwenda na lita 70 za mchanga, zenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Mchanga ulionyeshewa na mvua unaweza kubeba maji ya asilimia 5 ya uzito wake, nayo ni kama lita 5. Asubuhi ya baada ya mvua, fundi makini huanza na lita 20, kisha huongeza kidogo kidogo akiangalia zege. Mchanga uliolowa pia huvimba ukipimwa kwa karai au boksi, hivyo boksi lile lile hubeba mchanga mchache kuliko unavyodhani.

Ikiwa zege ni kavu kiasi cha kutopita kati ya nondo, tumia kilainishi cha zege kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, au punguza kokoto kidogo na kuongeza uji wenye uwiano ule ule. Koni ya kupimia slampu, yaani kiasi ambacho zege bichi hushuka koni ikiondolewa, yenye kimo cha milimita 300, ni chombo cha bei nafuu ukilinganisha na hasara ya kuvunja slabu. Kushuka kwa milimita 50 hadi 100 kunafaa kazi nyingi zinazotumia vaibreta, yaani mashine ya kutetemesha zege.

Kuchanganya ili kila jiwe livikwe uji

Mpangilio wa kutia vitu katika mashine hubadilisha makutano. Tia kokoto na mchanga kwanza, zizunguke kwa dakika moja. Ongeza nusu ya maji, zizunguke dakika nyingine. Kisha tia saruji, iache ishike nyuso zilizolowa kwa nusu dakika. Mwisho malizia maji yaliyobaki na uendelee kwa dakika mbili. Kwa njia hii kila jiwe huvikwa kwanza uji mzito wenye maji machache, na huo ndio tunaoutaka uwe jirani wa jiwe.

Pale ambapo zege huchanganywa chini kwa koleo, changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, halafu kokoto, na maji yaje mwisho, yakinyunyizwa. Fanya kazi juu ya sakafu ngumu au bati, kamwe usifanye juu ya udongo mtupu.

Aina ya saruji nayo huchangia. Mifuko mingi katika soko la Afrika Mashariki imeandikwa 32.5 au 42.5, namba hizo ni nguvu ya chini ya kuhimili mgandamizo, kwa megapaskali, ya vipande vya majaribio vya saruji na mchanga vikiwa na siku 28. Saruji zenye pozolana, kama zile zinazotumia majivu ya volkano ya nyanda za kusini magharibi mwa Tanzania, zina faida moja inayohusiana moja kwa moja na mada yetu: silika ya pozolana huila haidroksidi ya kalsiamu, zile fuwele bapa zilizojazana kwenye makutano, na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Lakini kazi hiyo huenda polepole, kwa hiyo saruji hizo hudai kumwagiliwa maji kwa siku nyingi zaidi. Wanaozilaumu kwa udhaifu mara nyingi wamezinyima muda.

Kumwaga, kushindilia, na nondo

Mwaga zege kwa matabaka yasiyozidi nusu mita. Zamisha vaibreta wima, iache hadi viputo vya hewa vikome kujitokeza na uso uanze kung'aa, kisha ivute juu polepole ili tundu lijifunge. Kila asilimia moja ya hewa iliyobaki hupunguza nguvu kwa takribani asilimia 5. Kutetemesha kupita kiasi nako kuna madhara yake: kokoto huzama, maji hupanda, na yale maji ya chini ya mawe huongezeka. Usilivute zege kwa vaibreta ili kulisogeza mbali.

Mshikamano wa zege na nondo unafuata kanuni zilezile. Kwa nondo laini, kinachoshika ni gundi ya saruji na msuguano tu, ndiyo maana huhitaji ncha zilizokunjwa. Kwa nondo zenye mbavu, zege lililo kati ya mbavu hubanwa na kusukuma kwa nje. Likiwa jembamba mno juu ya nondo, hupasuka kwa urefu wa nondo kabla chuma hakijafikia uwezo wake. Kwa hiyo vitofali vya kuinulia nondo visiachwe. Kutu nyepesi iliyoshika haidhuru; kutu inayobanduka kwa magamba, tope na oili huondolewa. Oili ya fomu ipakwe kabla nondo hazijapangwa.

Zingatia sana nondo za juu za boriti nene. Maji yanayopanda hunaswa chini yake kama yanavyonaswa chini ya kokoto, na huacha pengo upande wa chini wa chuma. Kanuni za usanifu zinalitambua jambo hili: kanuni za Marekani za ACI hurefusha urefu wa kushikiza nondo kwa kipimo cha 1.3 pale zege la zaidi ya milimita 300 linapomwagwa chini ya nondo ya mlalo, na Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya zege, hupunguza mshikamano hadi 0.7 mahali penye hali mbaya ya kumwaga. Usipunguze urefu wa maungio ya nondo hizo ili kuokoa chuma.

Zege jipya linapounganishwa na la zamani, chonga uso wa zamani hadi kokoto zionekane, ondoa ngozi laini ya juu, usafishe, uloweshe kwa siku nzima, na uache maji ya juu yakauke kabla ya kumwaga.

Kumwagilia maji

Gundi huendelea kuota maadamu kuna unyevu. Unyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 80, mabadiliko ya saruji karibu husimama, na uso wa zege ndio hukauka kwanza. Anza kulinda uso mara tu unapoweza kufunikwa bila kukwaruzwa: tumia magunia yaliyolowa, mchanga uliolowa au karatasi ya nailoni. Kwa saruji ya kawaida, siku 7 ndizo za chini kabisa. Kwa saruji ya pozolana, nenda hadi siku 14. Kumwagia maji asubuhi na jioni huku jua la mchana likikausha kila kitu si kutunza unyevu, kwa sababu kila mzunguko wa kulowa na kukauka husinyaza uji na kurefusha zile nyufa ndogo za kwenye mawe.

Kusoma mchemraba uliovunjika

Tengeneza michemraba ya milimita 150 kutoka zege lile lile lililomwagwa, itunze ndani ya maji, na uipeleke maabara ikiwa na siku 7 na siku 28. Kwa saruji nyingi, nguvu ya siku 7 huwa kama theluthi mbili ya ile ya siku 28, ingawa saruji ya pozolana huweza kuwa chini ya hapo. Mchemraba wa megapaskali 25 hubeba kilonewtoni 562, sawa na uzito wa takribani tani 57.

Wengi huchukua namba na kuviacha vipande. Omba upewe vipande hivyo, kisha uvikague juani. Ukiona kokoto zimeng'oka zikiwa nzima, na upande wa pili pamebaki vishimo laini vyenye umbo la jiwe, basi ufa ulizunguka mawe na makutano ndiyo yaliyoshindwa. Pitisha kidole ndani ya kishimo: unga mweupe au wa udongo huashiria vumbi na tope, kishimo kisafi lakini chenye matundu, hasa upande mmoja tu wa mawe, huashiria maji mengi yaliyonaswa. Ukiona mawe yenyewe yamekatika, na nusu zake zimebaki zimeshikwa pande zote mbili, makutano yamelizidi jiwe nguvu. Hapo saruji zaidi haitakuongezea kitu, na anayetaka zege imara zaidi atafute jiwe jingine. Katika zege la kawaida la megapaskali 20 hadi 30 utaona mchanganyiko wa hali hizo, mawe mengi yakiwa yamezungukwa.

Ni vyema pia kufahamu gharama ya mshikamano mkubwa. Zege ambalo nyufa zake hupita katikati ya mawe lina ukakamavu zaidi na hubeba zaidi, lakini likifika mwisho huvunjika kwa ghafla, kwa kuwa hakuna tena mawe ya kuupindisha ufa na kuuchelewesha. Nguzo za zege la aina hiyo huhitaji ringi zilizokaribiana zaidi, na uamuzi huo ni wa mhandisi, si wa fundi aliye juu ya jukwaa.

Namba ikiwa ndogo na vishimo vikiwa laini, usikimbilie kuongeza mfuko. Osha kokoto, pima maji kwa ndoo iliyowekewa alama, tengeneza michemraba mingine mitatu kwa saruji ile ile na uwiano ule ule wa vipimo, kisha uvunje tena na ulinganishe vipande vipya na vya awali, kimoja kando ya kingine.